Mikono Yako Ukipewa Maiki: Namna ya Kuzungumza kwa Ishara Ukumbini, Hatua kwa Hatua

Kazi yangu ni u-MC: harusi, sendofu, mahafali, mara mojamoja mikutano ya kampuni. Kabla ya shughuli huwa nakaa na waliopangiwa kuzungumza, mashangazi, wajomba, wenyeviti wa kamati, tukapitia walichokiandika. Swali lao la kwanza mara nyingi si "niseme nini". Ni "mikono niiweke wapi?"

Swali ni zuri, ila wengi wanakuja wameshaharibiwa na ushauri wa mitandaoni. Wameambiwa watumie mikono muda wote ili waonekane wanajiamini. Basi mtu anapunga tangu "itifaki imezingatiwa" mpaka "asanteni kwa kunisikiliza", na wageni wanabaki kumtazama kama mtu anayefukuza nzi. Mimi nafundisha kinyume. Mkono upewe kazi pale tu ambapo mdomo umeuachia nafasi. Kwingine kote utulie.

Na wanaouza semina wakikuambia kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno yakibaki na asilimia 7, usiwaamini. Hesabu hiyo ilitokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian yaliyochapishwa Marekani mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno mojamoja, wakaonyeshwa picha za uso, wakaulizwa msemaji ana hisia gani. Asilimia 55 inayosifiwa ilikuwa ya uso. Mikono haimo kabisa. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu yake inahusu hisia na mtazamo wa msemaji, haihusu kila mazungumzo. Kama maneno yangekuwa asilimia 7 tu, ungealikwa harusi Beijing ukaelewa karibu kila kitu.

Hatua ya 1: Andika utakavyosema, kisha tafuta palipo wazi

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Haya ni maneno ya shangazi wa bibi harusi, nimeyatunga kwa ajili ya somo hili:

"Wazazi wetu, ndugu mwenyekiti, wageni waalikwa, shikamooni. Mimi ndiye shangazi. Bibi harusi huyu aliletwa kwangu akiwa hivi. Siku moja nikamtuma kisimani na ndoo yangu mpya. Kamba ikakatika, ndoo ikatumbukia chubwi! Mtoto akarudi mikono mitupu, akasimama mlangoni, kimya, jii. Nikamwuliza, we mtoto, ndoo iko wapi? Akaniambia, kule. Sasa bwana harusi, nakukabidhi mtu, na nakuambia mambo mawili. La kwanza, huyu akikosa hasemi uongo. La pili, ndoo yangu sijalipwa mpaka leo."

Chukua kalamu upige mstari chini ya kila neno lisilokamilika bila mkono. "Akiwa hivi": hivi vipi? Ukilisema mikono ikiwa imelala, hujatuambia kitu. "Kule" ni hivyohivyo. Lugha yetu imejaa maneno ya namna hii, hivi, hapa, pale, huku, huyu, na kila moja linangoja kuonyeshwa. Halafu zipo tanakali za sauti: chubwi, jii, pu, fofofo, pomoni. Ukisimulia nyumbani mkono unakwenda wenyewe kwenye tanakali. Ukipewa maiki unaganda. Kazi yetu ni kuurudisha ulikozoea. Mwisho piga mstari chini ya hesabu ("mambo mawili") na chini ya vitendo vya kupeana ("nakukabidhi").

Sentensi isiyo na mstari haina ishara. "Siku moja nikamtuma kisimani" haihitaji vidole viwili vinavyotembea hewani. Tumeelewa ametembea.

Hatua ya 2: Ipe mikono mahali pa kurudi

Kabla ya kujifunza kuinua mkono, jifunze unakorudi. Bila maiki, mkono mmoja ukae juu ya mwenzake mbele ya tumbo, umelegea, viwiko visibane mbavu. Ukiwa na maiki, mkono ulio huru utulie hapohapo usawa wa tumbo au ulale ubavuni.

Mfukoni, hapana. Mbele ya wazee mkono mfukoni unasomeka kama dharau, hata kama nia yako ni kuficha kutetemeka. Kukunja mikono kifuani ni kujifungia. Kuiweka nyuma kunakufanya uonekane uko gwaride. Na angalia vidole vinavyofanya kazi usiyovituma: kuzungusha pete, kuvuta mtandio, kubonyezabonyeza kalamu. Dawa yake si kujikaza. Toa funguo na simu, umpe mtu wa mezani kwako, bana mtandio na pini kabla hujasimama. Bangili nyingi zivuliwe upande wa maiki, maana spika zitazitangaza kuliko wewe.

Hatua ya 3: Maiki kushoto, ishara kulia

Kama unatumia mkono wa kulia, shika maiki kwa wa kushoto. Kwanza kwa sababu mkono mwepesi unabaki huru. Sababu kubwa zaidi ni kwamba kwetu, pwani na bara, kumwelekea mtu au kumpa kitu kwa mkono wa kushoto ni kukosa adabu. Shangazi akimkabidhi bwana harusi mke kwa mkono wa kushoto, wazee wa upande wa pili hawatasikia neno linalofuata.

Wewe unayetumia kushoto, onyesha maumbo na vipimo kwa kushoto kama kawaida yako. Ukifika kwa mtu au kwenye kupeana, hamisha maiki. Hamisha taratibu, ukiwa kimya, kabla ya sentensi.

Kiwiko cha mkono wa maiki kikae karibu na ubavu, maiki ielekee mdomoni umbali wa vidole vitatu au vinne, na kichwa kikigeuka maiki igeuke nacho. Mkono huo hauna ishara. Kila ukiuinua kuonyesha kitu, sauti inabaki nyuma na fundi mitambo anakulaani kimoyomoyo.

Hatua ya 4: Panga ishara mojamoja

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tutakaa.

"Akiwa hivi." Angalia kiganja chako. Katika jamii nyingi za huku, kiganja kilicholala kikitazama chini ni kipimo cha mbuzi, ndama au mahindi. Binadamu hupimwa kwa kiganja kilichosimama au kilichopinda, vidole vikielekea juu. Wazee hukuambia ukimbonyeza mtoto kwa kiganja utamdumaza. Vijana wa mjini wengi hawalijui hili na hawatakulaumu. Ukumbini, hata hivyo, wamo bibi zao. Simamisha vidole. Tazama pale mkono ulipo, usitazame wageni. Ukimtazama yule mtoto wa hewani, na wao watamtazama. Shusha mkono, kisha mgeukie bibi harusi aliyekaa meza kuu leo. Hujasema "amekua". Wamekwisha kuona.

"Chubwi!" Mkono ulikuwa juu umeshika kamba. Kwenye "ikakatika" vidole vinaachia, na kwenye "chubwi" mkono unashuka mara moja, unasimama. Usiongeze mawimbi wala kurusha maji. Tanakali ina pigo moja na mkono una pigo moja. Tanakali nyingine zina mwendo wake: "churururu" inateremka polepole, "jaa pomoni" inapanda hadi ukingoni na kusimama, "lala fofofo" haina mwendo, shavu tu juu ya kiganja. Mwaka 1985, Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa na Carol Eastman walichapisha makala ya kitaalamu kuhusu ishara za Waswahili, kwa hiyo usidhani haya ni mambo ya vijiweni tu.

"Mikono mitupu." Una maiki, mikono miwili huna. Onyesha kiganja kimoja kilicho wazi, inatosha. Waliosoma uigizaji watataka kuweka maiki chini ili waonyeshe miwili. Waache.

"Jii." Hapa ishara ni kuacha ishara. Mkono urudi mahali pake, mwili usitikisike, hesabu kimoyomoyo moja, mbili. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayochekesha kuliko zote ikipatiwa.

"Kule." Mtoto aliyekosa haonyeshi kwa mkono. Anaonyesha kwa midomo, imechongoka kidogo, na macho yakifuata. Kila mtu ukumbini amewahi kuonyeshwa kitu hivyo jikoni. Meza za nyuma hazitaiona midomo, kwa hiyo geuza na kidevu upande huohuo. Upande uwe uleule ulikoitumbukiza ndoo! Ukikiweka kisima kulia, kibaki kulia mpaka hadithi iishe. Mtu anayesimulia safari akaweka Moshi kushoto, kisha baada ya dakika moja Moshi ikahamia kulia, anawachosha watu bila wao kujua kwa nini.

"Bwana harusi, nakukabidhi." Usimnyooshee kidole. Kidole kimoja kwa mtu mzima ni cha kushtaki, au cha mwalimu wa zamu. Tumia kiganja kilichofunguka, vidole pamoja, kikitazama juu, mkono mzima uende kwake. Kama kuna mzee unayemtambulisha, inama kidogo kiunoni na uweke kiganja kifuani baada ya kumtaja. Ukitaka kumwita mtu aje mbele, kiganja kitazame chini na vidole vivute kuelekea kwako. Kumwita mtu kwa kukunjakunja kidole cha shahada huku kiganja kikitazama juu ni kumdhalilisha, hata kama unatabasamu.

"Mambo mawili." Kuhesabu kwa vidole ni kuzuri, kunampa msikilizaji mahali pa kuhifadhia. Lakini vidole viwili vilivyoinuliwa juu kwa umbo la V, Tanzania, vinaonekana kama salamu ya CHADEMA, na shughuli ya watu haina haja na hilo, uwe unaipenda au huipendi. Kenya nayo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kidole kimoja kilikuwa cha chama tawala, KANU, na viwili vya wapinzani wake, FORD. Mambo ya vyama hubadilika, ishara za leo kesho si zilezile, kwa hiyo kabla ya kuzungumza mji mgeni uliza wanaonyeshaje. Njia salama ni kutoinua kabisa: hesabu usawa wa kifua, vidole vimeelekea pembeni. Kama huna maiki, gusa kidole cha mkono mmoja kwa mkono wa pili, kimoja kwa "la kwanza", kingine kwa "la pili".

Na kwenye "ndoo yangu sijalipwa" usifanye lolote. Mzaha mkavu unakufa ukipambwa.

Neno kwa wanaozungumza kwenye shughuli zenye wageni kutoka mbali. Harusi za Unguja na Mombasa huwa na ndugu kutoka Muscat, na ncha za vidole vitano zilizokusanywa zikielekea juu, kwa Waarabu maana yake ni "subiri kidogo". Kwa Mwitaliano mkono huohuo unauliza "unataka nini wewe?" Ukiona mgeni anakufanyia hivyo kutoka meza ya tatu, jua kwanza anatoka wapi.

Hatua ya 5: Mkono utangulie neno, usilifuate

Kosa ninaloliona kuliko yote ni la wakati. Mtu anasema "akiwa hivi", anakumbuka, ndipo mkono unapanda. Tayari ni maigizo. Kwa mtu anayeongea kawaida, mkono huanza kusogea kidogo kabla ya neno, na pigo lenyewe huangukia juu ya neno au mbele yake kidogo. Watafiti wa ishara kama Adam Kendon na David McNeill wameliandika sana hili. Mazoezi yake ni rahisi. Vuta pumzi, mkono upande ukiwa kimya, kisha neno.

Baada ya neno, shikilia. Wanaoanza hurudisha mkono haraka kana kwamba wameungua. Uache hewani mpaka sentensi iishe, ndipo ushuke. Watu wanahitaji muda wa kuona.

Usiogope kwamba kupanga kutaua uasili. Mikono haikuumbiwa watazamaji peke yao, inamsaidia na msemaji kufikiri. Mwaka 1998, Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walichapisha utafiti uliowahusu watu waliozaliwa vipofu. Walikuwa wakionyesha kwa mikono wanapoongea, hata walipoongea na kipofu mwenzao. Mtazame yeyote anayeongea na simu barabarani, anamwelekeza dereva wa bodaboda "kata kushoto" na mkono unakata kushoto. Tunachofanya hapa ni kuchagua ipi ibaki.

Hatua ya 6: Pima ukumbi

Meza ya watu wanane, ishara zianzie kwenye kiwiko. Ukumbi wa watu mia tatu, zianzie begani, polepole zaidi, na mkono utoke nje ya mwili. Mkono mweusi mbele ya suti nyeusi hauonekani nyuma. Gauni la maua mengi nalo humeza mikono. Mkutano wa Zoom ni kinyume: kamera inaona kifua na uso, basi kila kitu kifanyike kati ya kidevu na kifua, na usiusogeze mkono kuelekea kamera, unavimba.

Miguu sitaisemea sana. Ipanuke usawa wa mabega, uzito uwe kwenye yote miwili. Ukitaka kusogea, sogea unapobadilisha jambo, simama, ndipo uendelee. Wanaoyumba kulia kushoto hutulia wenyewe wakivua viatu virefu, na hakuna aliyewahi kufukuzwa harusini kwa kuvaa kandambili nzuri.

Hatua ya 7: Kama kuna mkalimani wa lugha ya alama

Ishara tunazojifunza hapa ziko mbali na lugha ya alama. Hiyo ni lugha kamili, yenye sarufi yake, na Lugha ya Alama ya Tanzania si ile ya Kenya. Katiba ya Kenya ya 2010 imeiweka Lugha ya Alama ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo usimwigize mkalimani kwa mzaha, na usijaribu kumsaidia kwa kuchezesha vidole. Mpe maandishi yako mapema, usisimame mbele yake, na ukifika kwenye "hivi" au "kule" sema wazi unachoonyesha, kwa sababu macho ya wageni viziwi yako kwake, hayako kwako. "Akiwa hivi, hajafika hata kiunoni kwangu." Nyongeza hiyo itamfaa pia mgeni asiyeona.

Hatua ya 8: Mazoezi kwa simu

Kioo sikipendi, kinakufanya ujitazame wakati unatakiwa uwaze. Simamisha simu usawa wa kifua, zungumza mara moja bila kusimama, ukiwa umeshika kitu cha uzito wa maiki. Mwiko wa ugali unafaa.

Kisha tazama bila sauti. Ukiona mwendo usioweza kusema ulikuwa wa neno gani, ufute. Ukiona unaorudiarudia, kwa wengi ni mkono unaopigapiga hewa kila baada ya neno la tatu, ubakishe mara mbili, mwingine ufute. Halafu funika kioo cha simu usikilize sauti peke yake. Pale ambapo msikilizaji hajui unasema nini bila kuona, ndipo ishara yako ilipo na kazi. Hakikisha hiyo imekaa vizuri.

Mwite na mtu mmoja wa nyumbani, ikiwezekana mtu mzima kuliko wewe, umwoneshe. Usimwulize "nimeongeaje?", atakuambia vizuri tu. Mwulize "ndoo ilitumbukia upande gani?" Akijibu bila kufikiri, umemaliza mazoezi.

Siku yenyewe, fika kabla ya wageni, simama pale utakaposimama, ujue meza kuu iko upande gani na kisima chako utakiweka wapi. Mwambie MC kama unahitaji maiki ya mkononi au ya stendi. Ya stendi inakupa mikono miwili lakini inakufunga hapohapo, na wapo wanaopiga stendi kwa kiganja kwenye neno zito. Ukiisha kusema neno la mwisho, ushushe mkono kwanza, tulia kidogo, ndipo usalimie kwa kichwa. Maiki mrudishie MC kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukigusa kiwiko cha kulia kama kuna wazee karibu. Usiilaze mezani kwako ikiwa imewashwa. Utakachomwambia jirani yako kuhusu wali, ukumbi mzima utakisikia.